Kopo la Vifungo

Kidonge chenyewe kilikuwa kidogo, hata kifungo cha shati la mtoto mchanga kilikizidi. Cheupe, hakina ladha, kina mstari katikati. Mimi ni mtu mwenye mdomo, sifichi. Nimegombana na wenye maduka, nimegombana na madereva, hata imamu mmoja nilishawahi kumjibu. Lakini kidonge kile kilinitia adabu. Kwa miaka mingi kilikuwa kitu cha kwanza kukigusa asubuhi, kabla ya chai, na kila nilipokigusa niliogopa kidogo.

Nilikuwa na rovu. Wanyarwanda huliita umwingo, na kwenye milima yetu wanawake wengi walikuwa nalo, kwa hiyo lilipoanza kunivimba shingoni nikiwa mwari hakuna aliyeshtuka. Mambo yalibadilika nilipoolewa. Moyo ulianza kwenda mbio nikiwa nimekaa tu. Mikono ikatetemeka, na mimi ni fundi cherehani, kama baba yangu, na kama babu yangu aliyekuja Kigali na majora yake kutoka pwani. Fundi asiyeweza kutia uzi kwenye sindano ana faida gani? Mimba yangu ya kwanza ikatoka mwezi wa tatu. Ndipo mume wangu aliponipeleka hospitali kubwa, na daktari mmoja Mzungu, mzee, akasema shingo ipasuliwe.

Alikata karibu tezi yote. Nilipopewa kioo nikauona mshono, mwembamba, umenyooka, nikasema moyoni, kumbe huyu mzee angefaa kushona kola. Hapo nilikuwa bado natania. Kisha akanipa chupa ya vidonge, akaniambia kazi iliyokuwa ikifanywa na tezi sasa itafanywa na hivi: kimoja kila asubuhi, kwa maji matupu, tumbo likiwa tupu. Nikamwuliza mpaka lini. Akasema siku zote. Nikamwuliza tena, akanijibu vilevile huku anaandika, bila hata kuinua kichwa.

Mimba ya pili nayo ikatoka, kipimo cha dawa kikiwa bado hakijakaa sawa. Daktari alinieleza taratibu kwa sababu nilikuwa nalia na sisikii vizuri. Mtoto akiwa tumboni, alisema, mwanzoni hana tezi yake, anategemea ya mama. Na ya kwako wewe imo ndani ya chupa. Ukikosa wewe, amekosa yeye. Anaweza kutoka kama hawa wawili, au anaweza kuzaliwa mzito wa akili, asitembee wala kusema kwa wakati. Nilirudi nyumbani Biryogo na maneno hayo, na tangu siku hiyo sikukosa asubuhi hata moja. Ramadhani nilikimeza kabla ya daku, msibani nilikimeza, safarini nilikifunga kwenye ncha ya kanga.

Miaka ilipita bila mimba. Mwanzoni mwa miaka ya themanini mama mkwe alifiwa na mumewe, akahamia kwetu. Mume wangu alikuwa dereva wa lori, akienda Mombasa hukaa wiki tatu, kwa hiyo nyumba ikawa ya wanawake wawili. Alikuwa mtu wa usafi, mpole wa sauti, mkali wa macho. Na alikuwa akiniwashia pasi. Kila siku, mimi nikianza kazi, yeye huchochea makaa uani, huyatia ndani ya pasi ya chuma, huileta mezani na kuiweka juu ya tofali lake. Hakuna aliyemwomba. Nilikaa kwenye cherehani nikakuta kila kitu tayari, na sikumbuki kama nilimshukuru.

Siku moja akaiona chupa.

"Hivi vya nini?"

"Vya shingo."

"Shingo si ilishapona?"

Ningeweza kumweleza, ingenichukua dakika mbili. Lakini nilikuwa na gauni la mteja wa Kiyovu mikononi, limenisumbua tangu asubuhi, nikamwambia, "Mama, ni vyangu, niache." Sasa, wakati ule ndipo maneno ya uzazi wa mpango yalipoanza kuzagaa mjini, na mtaani kwetu kila mtu alijua kwamba mwanamke anayemeza kidonge cheupe kila siku anajifunga asizae. Haikupita juma, jirani akaniuliza bombani, akicheka mbele za watu, eti ni kweli nimechoka kuzaa kabla sijaanza? Nilijua neno limetoka wapi. Loo, nilichemka!

Basi nikafanya nilichodhani ni akili. Nilikuwa na kopo la biskuti, la bati, la kuwekea vifungo vikubwa vya makoti, maana makoti hayana wateja wengi Kigali. Nikavitoa vidonge kwenye chupa, nikavifunga kwenye kitambaa, nikaviweka chini, vifungo juu. Kopo nikaliweka nyuma kabisa ya meza ya kupigia pasi, karibu na ukuta, ambapo hakuna ambaye angefikiria kutafuta dawa. Daktari alisema visipigwe na jua, na pale jua halikufika. Kila nilipotoka farumasi na vipya nilifanya hivyo hivyo. Niliamka kabla ya mama mkwe, nikafungua kopo likiwa baridi, nikameza, nikafunga.

Miezi miwili baadaye nikashika mimba.

Mama mkwe alipojua alipiga kigelegele mpaka majirani wakaja na mikono yao ya unga. Pale ningeweza kumwambia ukweli wa vidonge. Lakini niliona haya, na niliogopa vilevile: angesema vitamdhuru mtoto, angenikataza. Kopo likabaki pale pale.

Mwezi wa nne wa mimba nikaanza kusikia baridi. Ilikuwa kiangazi, vumbi limetanda, watu wanajipepea, mimi nimevaa sweta la mume wangu. Uso ukavimba. Nywele zikawa zinabaki kwenye kitana. Sauti ikawa nzito, hata mteja mmoja aliyebisha hodi nikamwitikia karibu, akaomba kuonana na mama mwenye nyumba. Nilisinzia mguu ukiwa juu ya kanyagio. Mama mkwe akasema ni mimba, mimba ya kike hulegeza. Majirani wakasema, "Ihangane, vumilia, ni mimba tu." Nikajiambia ni mimba. Hata siku niliyomshonea yule madamu wa Kiyovu gauni lenye mikono miwili ya kushoto nilijiambia hivyo, lakini niliitazama ile nguo juu ya meza nikayakumbuka maneno ya daktari. Ukikosa wewe, amekosa yeye. Na mimi nilikuwa sijakosa, wallahi sijakosa!

Mtoto alikuwa hachezi. Au anacheza mara moja kwa siku, kwa uvivu, kama mtu anayegeuka kitandani. Nilikuwa nikimsukuma kwa vidole, namwambia haya, amka, amka basi. Nikimaliza kumsukuma nasubiri, na katika kusubiri kule sikuweza kushona wala kula wala kuongea na mtu.

Asubuhi moja, mimba ikiwa ya miezi sita, nilivimwaga vidonge kiganjani mlangoni, penye mwanga. Havikuwa vyeupe. Vilikuwa na umanjano, vingine vinamomonyoka pembeni. Nikajua. Yaani nilidhani nimejua: kuna mtu ameona, na kuna mtu amevibadilisha, na nyumba ile ilikuwa na watu wawili tu.

Mama mkwe alikuwa uani anapepea makaa. Nikamwendea na kopo mkononi.

"Umenifanyia nini?"

"Nini tena, mwanangu?"

"Usiniite mwanangu! Umebadilisha dawa yangu. Haikukutosha kunitangaza mtaani, sasa unataka tufe mimi na mtoto!"

Nilisema kwa ile sauti yangu nzito, na ua wetu ulikuwa wa mabati yenye matundu. Majirani wakasogea. Yeye akasimama, kipepeo cha makaa mkononi.

"Mimi hata sijui dawa yako iko wapi."

"Mchawi atakosaje kujua?"

Nililisema hilo neno, kwa mama wa mume wangu, mbele ya watu. Alimalizia kutia makaa kwenye pasi, akaileta mezani, akaiweka juu ya tofali kama kila siku. Kisha akafunga nguo zake ndani ya kanga, akaondoka kwenda kwa binti yake Kicukiro. Alikwenda kwa miguu.

Kesho yake nikaenda hospitali. Yule daktari mzee alikuwa amesharudi kwao, nikamkuta daktari Mnyarwanda, mtu wa maneno machache na Kiswahili cha kuungaunga. Aliniambia nipige magoti juu ya kiti, akanigonga nyuma ya kisigino kwa kinyundo. Mguu ukaruka, halafu ukarudi polepole, kama haukutaka. Akagonga tena. Akaketi.

"Mama, dawa haiko unameza."

"Nameza!"

"Kila siku?"

"Kila siku, Mungu shahidi! Ila mama mkwe wangu amezibadilisha. Hizi hapa, tazama mwenyewe."

Akamwaga vifungo vya makoti juu ya meza yake, akafungua kitambaa, akachukua kidonge kimoja. Alikisogeza dirishani, akasoma herufi zilizochongwa juu yake, akakivunja kwa ukucha kwenye ule mstari. Akakinusa.

"Hii ndiyo dawa yenyewe. Hakuna mtu amebadilisha. Imeharibika na joto." Akaligeuza kopo. Upande mmoja rangi ilikuwa imebabuka, bati limekuwa la kahawia. Mimi nililiona kila siku na sikuwahi kuliona. "Kopo hii iko inakaa wapi?"

Nikafungua mdomo. Nikaiona meza yangu: kopo ukutani, na karibu nalo, hata kiganja hakipiti katikati, tofali, na juu ya tofali pasi ya makaa, kutwa nzima, siku baada ya siku. Mimi nililigusa kopo alfajiri tu, limeshapoa.

"Karibu na pasi," nikasema.

"Basi umekuwa unapika dawa, mama."

Nikamwuliza mtoto je. Akaweka kipembe cha mbao cha kusikilizia juu ya tumbo, akainamisha sikio, akakaa hivyo muda ambao sitausahau. Akasema moyo upo. Akaandika vidonge vipya, vya nguvu zaidi, nirudi baada ya wiki mbili. Nikamwuliza atakuwa mzima? Akasema, "Tutaona." Nililichukia neno hilo, na nilikuja kuishi nalo karibu miaka miwili.

Njiani nilijiapiza kwenda Kicukiro kumwangukia mama mkwe miguuni. Nilikwenda siku ya tatu. Nilimkuta anachagua maharage kwenye ungo, na binti yake yupo, na mkwe wao yupo, wote wananitazama mimi niliyemwita mama yao mchawi. Maneno nilikuwa nimeyapanga vizuri. Kilichonitoka mdomoni ni hiki: "Mama, yamekwisha. Turudi nyumbani." Kana kwamba aliyekosa ni yeye na mimi ndiye ninayesamehe!

Hakunitazama usoni, alinitazama tumboni. "Anacheza?"

"Kidogo."

Akaweka ungo chini, akajifunga kanga, tukaondoka.

Majirani walipomwona amerudi wakaelewa walivyotaka, kwamba amekiri na nimemsamehe. Nikawaacha waelewe hivyo. Nilijiambia nitasema kesho, nitasema mume wangu akirudi, nitasema nikijifungua salama. Kosa la kopo sikulijua. Hili nililijua kila siku niliyoamka.

Vidonge vipya niliviweka katika kopo lile lile, bila vifungo, chumbani, juu ya kigoda kando ya mtungi wa maji ambapo hapakosi ubaridi. Sikuvificha tena. Mama mkwe aliendelea na kazi zake kama zamani, hata pasi aliendelea kuniwashia. Ila kona ile hakuikaribia. Alifagia chumba kizima, akifika kwenye mtungi anaacha vumbi pale pale, mstari ulionyooka kabisa.

"Hapo pafagie mwenyewe," aliniambia mara moja, kwa upole. "Nisije nikaambiwa."

Basi nilipafagia mwenyewe, na tumbo langu lile, nikiwa nimeinama.

Mtoto alizaliwa na mvua za mwisho wa mwaka, msichana. Alilia kidogo, akanyamaza, akalala. Alilala mno. Wanawake walisifu, mtoto gani mtulivu hivi, mimi nikawa nampigapiga nyayo aamke. Mama mkwe alinilea siku zote arobaini: alinikanda kwa maji ya moto, alinipikia uji wa pilipili manga, aliamka kila mtoto alipoamka. Kila alipotaka kumbeba alisimama kwanza, akasoma sura ya Falaq midomo ikicheza, akajipuliza mikononi, ndipo akamnyanyua. Nilidhani anamkinga na macho ya watu wa mtaani.

Nikaanza kuhesabu miezi. Jirani yetu alijifungua juma moja na mimi. Mtoto wake akakaa, akatambaa, akasimama, akaanza kutuvunjia vikombe. Wangu alikaa mwezi wa tisa. Alitambaa akiwa ametimiza mwaka. Nilimwonyesha kijiko nikamwuliza, hiki nini, hiki nini mama, akanitazama kwa macho makubwa akasema "ba". Kila kitu kilikuwa ba. Mwaka na miezi mitatu, minne, mitano, hatembei. Daktari alimgeuza, akamgonga magoti, akasema tutaona. Nilikuwa nikimwona mama mkwe uani amemshika vidole, "dede, simama dede", naye anakunja magoti na kukaa chini, na mimi nainamia cherehani kwa sababu nilijua ni nani aliyemfanya hivyo. Nilifungua mdomo mara ngapi! Nikaufunga.

Siku yenyewe ilikuwa asubuhi ya kawaida. Nguo ya bibi harusi ilikuwa inatakiwa mchana, kwa hiyo nilikaa kwenye cherehani mapema, kabla ya chai. Mama mkwe alikuwa ameshaiweka pasi juu ya tofali, anatandika mkeka. Mtoto alikuwa amesimama ameshika mguu wa cherehani. Mimi sikuona alipoachia. Niliona mama mkwe ameganda na mkeka mikononi, nikageuka.

Alikuwa anatembea. Hatua moja, ya pili, ya nne, tumbo mbele, mkono umenyooka, moja kwa moja kwenye meza ya pasi, kwenye yale matundu yanayoonyesha wekundu wa makaa.

Tulipiga kelele pamoja. Mama mkwe ndiye aliyemfikia, akamnyakua kidole kikiwa karibu kabisa na chuma. Safari hii hakusoma chochote. Na mimi, nimesimama na mkasi mkononi, nikajisikia napayuka: "Pasi hiyo hiyo! Ilitaka kumuua tumboni, na leo tena!"

Mtoto alikuwa analia kwa hasira, anapiga mateke ateremshwe atembee. (Kusema naye alikuja kusema, na hajanyamaza mpaka leo.) Mama mkwe alinitazama juu ya kichwa chake.

"Umesemaje?"

Sikuwa na pa kukimbilia. Nikapiga magoti kwenye vipande vya kitambaa nikamwambia yote: kopo, tofali, daktari, na kwamba nilijua kabla sijafika Kicukiro. "Ni mimi, mama. Si wewe. Nilijua, nikakuacha ubebe jina lile." Nililia mpaka nikakohoa.

Alimpapasa mtoto mgongoni.

"Moto wangu," akasema mwishowe, "kopo lako." Kisha akasema, polepole, "Mimi nilidhani ni kweli."

"Kweli gani?"

"Kwamba nina jicho. Nilivichukia vile vidonge, nikasema labda kwa kuvichukia tu nimeviharibu. Labda nina kitu mwilini mwangu na sijui. Ndiyo sababu sikukaribia ile kona. Hata huyu nilikuwa naogopa kumshika bila kusoma."

Mimi, mwenye mdomo, nikawa naokota tu vile vipande vya kitambaa.

Akaniwekea mtoto mapajani, akaingia chumbani. Nilimsikia akiinua kifuniko cha mtungi. Alirudi na kikombe cha maji mkono mmoja, na mkono mwingine lile kopo, amelishika kwa vidole vyote vitano.

"Leo umemeza?"

"Bado."

"Meza."

Nikameza, mbele yake. Akapokea kikombe, akachukua ufagio nyuma ya mlango, akaenda kuifagia ile kona.